Siku Melda Aliposukumwa Ngazini

Ndugu zangu wa kundi, hii sikutumiwa na mtu. Nilikuwepo. Mkitaka kuipeleka kwingine ipelekeni, ila msipunguze kitu, hata pale panaponiaibisha mimi.

Jirani yangu Bi Zamoyoni ni mpenzi wa tamthilia, zile za kutafsiriwa, ambazo watu wa nchi za mbali wanagombana kwa Kiswahili chetu. Na si mpenzi wa kawaida. Akiona mtu wa kwenye tamthilia anaonewa, usingizi hauji. Mwaka juzi muuaji mmoja wa humo alipoachiwa na mahakama, Zamoyoni alisusa chakula, mpaka mume wake akaja kwangu kuuliza nani amefariki. Tulimcheka, lakini tulimpenda kwa hilo. Tulisema huyu mama ana huruma.

Nyumba tunayokaa ni ya vyumba vya kupanga, na kuta za ndani hazifiki kwenye bati. Anayekohoa huku anasikika kule. Tena ving'amuzi vyetu haviendi pamoja. Cha Zamoyoni kinatangulia, na cha Asteria, mpangaji wa upande wa pili wa ukuta wake, kinafuata nyuma kwa sekunde kadhaa. Kwa hiyo kila kilio cha kwenye tamthilia tulikuwa tunakisikia mara mbili, na tulikwisha kuzoea.

Jumamosi ile saa tisa alasiri kulikuwa na marudio. Zamoyoni alikwisha kuiona sehemu hiyo Ijumaa, na bado alikaa na kanga ya kufutia machozi mapajani. Mimi nilikuwa kwenye kochi pembeni yake. Kabla haijaanza, Asteria akabisha hodi. Alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza, aliyoisubiri miaka sita. Mkononi alishika simu yake.

"Dada, naomba unichajie. Umeme wetu umeisha tangu jana, mpaka Faustini atoke kazini ndiyo anunue."

"Lete, mdogo wangu. Kaa basi uangalie, leo Melda anasukumwa ngazini."

"Mgongo unanisumbua, dada. Ngoja nikajilaze."

Zamoyoni akaichomeka simu kando ya televisheni, na tamthilia ikaanza.

Melda alikuwa amesimama juu ya ngazi. Mama mkwe wake akaja taratibu kutoka nyuma. Zamoyoni, ambaye alijua yote yatakayotokea, alinishika mkono akaanza kumwonya Melda ageuke. Hakugeuka. Akasukumwa, akaporomoka mpaka chini.

"Nisaidieni jamani," Melda akalia.

Zamoyoni akaangua kilio cha msibani. Nami, siwafichi, nikalia naye. Tulikuwa bado tunalia iliposikika sauti kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Nisaidieni jamani."

"Unasikia?" Zamoyoni akasema huku akipenga. "King'amuzi cha Asteria. Siku zote kinachelewa."

Yakaingia matangazo ya sabuni. Sauti ile ikaja tena, chini zaidi.

"Leo kimechelewa kweli," nikasema.

Maneno hayo ni yangu, si ya Zamoyoni. Nayakumbuka kila siku.

Tamthilia ikarudi, na kule kwa Asteria kukawa kimya. Kwenye televisheni, mtunza bustani akasikia mlio, akatupa reki yake, akavunja mlango na kumbeba Melda mikononi. Tukalia upya, safari hii kwa furaha.

"Mungu ampe maisha marefu yule baba," Zamoyoni akasema. "Wengine wangepita tu."

Ilipokwisha, simu ya Asteria ikaita. Alikuwa Faustini, mume wake. Zamoyoni akaichomoa ampelekee mwenyewe. Alifika mlangoni akasimama, simu ikiendelea kuita mkononi mwake.

"Mwenzangu," akaniambia, "hawa si hawana umeme?"

Tulikimbia. Asteria alikuwa sakafuni, ameegemea ule ukuta wetu, na damu ilikuwa imefika mpaka chini ya kitanda. Televisheni yake ilikuwa imezimwa, imefunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono. Tulimpeleka hospitali kwa bajaji. Yeye alipona. Mtoto, wa kiume, alitolewa akiwa amekwisha kufa. Muuguzi alituuliza kwa nini hatukuwahi hata kwa nusu saa.

Siku ya tano tulikwenda kumwona, tumebeba supu kwenye chupa. Njiani tulikubaliana kwamba tutamweleza ukweli, na kwamba mimi ndiye nitakayeanza.

"Mdogo wangu," nikasema, "siku ile sisi tulikuwa..."

"Najua mlikuwepo," akanikatisha, na akaushika mkono wa Zamoyoni. "Msijilaumu, dada zangu. Mimi niliwasikia mnalia. Nikajua mmeshanisikia, mnakuja. Ndiyo maana niliacha kuita."

Tulimmiminia supu, akanywa, akatushukuru, tukaondoka.

Mpaka leo Asteria hajui tulikuwa tunamlilia nani. Faustini yumo humu kwenye kundi, na nimeandika haya nikilijua hilo.

Funzo: Machozi hayajamwinua mtu sakafuni. Ukisikia sauti inaomba msaada, zima televisheni kwanza, kisha inuka ukaangalie ni nani.