Kioo Kilichobebwa na Mapovu

Kulikuwa na mama mmoja, mstaafu wa maabara ya kiwanda cha sukari, hodari wa kupika pombe nyumbani. Msinitazame hivyo, wapendwa. Kule harusini Kana mnadhani walikunywa uji?

Mama huyu alikuwa na kijana anayetaka kuoa. Sasa, ukoo wa binti haupokei bia ya dukani. Pombe ya posa lazima ipikwe nyumbani kwa mvulana, na wazee wakionja ikawa mbaya, wageni wanarudishwa na ndoo zao. Siku ilipangwa Jumamosi, Kwaresima inaanza Jumatano inayofuata. Wakishindwa, ni mpaka baada ya Pasaka, na mchumba mwingine alishaanza kupitapita pale kwa binti.

Mama akapika pombe ya kimea, akatia hamira, akafunika ndoo. Kiwandani alikuwa ameagwa kwa zawadi ya haidromita, kile kijiti cha kioo chenye tumbo zito na shingo yenye mistari. Ukikitia kwenye pombe changa, sukari inakibeba, kinaelea juu. Hamira ikishaila sukari, kioo kinazama. Kikizama mpaka mstari wa kumi na mbili, mama anajua pombe yake imeiva.

Jumapili akaitwa msibani, mbali. Akamwachia wifi yake kioo: "Wifi, kila asubuhi chota kidogo kwenye bilauri ndefu, tumbukiza, nipigie."

Jumatatu wifi akapiga: "Ishirini." Jumanne: "Ishirini." Jumatano: "Wifi, ni ishirini ile ile. Hii pombe imekufa."

Hebu niwaulize, yule wifi alidanganya? Hakudanganya. Alisoma mstari aliouona kwa macho yake mawili.

Alhamisi mama akarudi, akamkuta wifi uani, ndoo ameshaiinamisha kwenye mtaro.

"Wifi, unafanya nini?"

"Naficha aibu yetu. Siku nne haijasogea. Tutawaambia wakwe tunaumwa."

"Weka chini. Nipe bilauri."

Mama akachota, akatumbukiza kioo. Ishirini. Wifi akakunja mikono, akamtazama kwa huruma. Mama akashika shingo ya kioo kwa vidole viwili, akakizungusha mara moja, kwa nguvu. Mapovu madogo madogo yaliyokuwa yameganda tumboni mwa kioo, yakikishikilia juu, yakabanduka yote. Kioo kikaanza kushuka. Kumi na nane. Kumi na tano. Kikatulia kumi na mbili.

"Wifi," mama akasema, "pombe ilikuwa inafanya kazi yake siku zote hizi. Wewe ulikuwa unapima mapovu."

Jumamosi mzee wa upande wa binti akaonja, akaomba kata ya pili. Vigelegele vilivyopigwa pale, hata majirani walitoka nje kuuliza.

Mmefurahi, nawaona. Kila mmoja anasema moyoni, mimi ndiye yule mama. Aa, wapendwa! Sisi ndio yule wifi.

Nani hapa hajawahi kumpima mwenzake akasoma namba ya zamani? Maneno ya sokoni yameganda kwenye kipimo chetu, na kinyongo cha mwaka juzi, na sisi tunasoma mstari kwa uhakika kabisa. Kisha tunainamisha ndoo.

Yuko ndugu yetu aliyetoka gerezani. Mwaka wa tatu huu anakaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Kila nikiuliza juu yake, viongozi wa jumuiya mnanijibu, "Padre, bado tunamtazama." Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naitikia. Miaka mitatu tumemtazama, na miaka mitatu Mungu alikuwa ndani yake, anafanya kazi usiku na mchana bila kutuomba ruhusa. Wiki hii nimekwenda kwake, nimekaa naye siku nzima, nimeona kwa macho yangu. Ndugu zangu, mtu huyu ameiva!

Kwa hiyo leo mkate na divai vitaletwa altareni kwa mikono yake. Kwaya, simameni muimbe kwa nguvu zenu zote. Nanyi wengine geukeni nyuma, mpisheni njia, anakuja.