Miguu ya Bi Siwatu

"Kikongwe, toa mikeka yako, ukumbi nautaka mimi!" Ndivyo Tofali, kijana mnyanyua vyuma, alivyomwambia Bi Siwatu mbele ya wasichana ambao bibi huyo huwafundisha karate humo.

"Baba, hawa watoto hawana pengine pa kwenda."

"Basi tupigane. Atakayeshika miguu ya mwenzake kwanza, ndiye kashindwa, ahame."

"Mbele ya watu?"

"Mtaa mzima!"

Watu wakajaa mlangoni. Bi Siwatu akachuchumaa mkao wa karate, magoti yakalia kama bawaba za mlango wa choo. Karate aliijua kweli, ila miaka arobaini hajampiga mtu nje ya mazoezi, na siku ile hata mbu angemponyoka.

"Njoo nikuvunje!" akasema Tofali.

"Ngoja, mjukuu wangu. Hapa mtu haanzi kupigana hajamwamkia mkubwa wake. Au kwenu hamkufundwa?"

Watu wakaguna. Tofali akaona haya, akasema upesi, "Haya, shikamoo!"

"Marahaba. Enhe, waambie watu, shikamoo maana yake nini?"

"Si nashika miguu..."

"Umeshaishika, baba. Mlango ule pale."

Vicheko vikamsindikiza Tofali mpaka barabarani. Wasichana wakamrukia mwalimu wao, naye bado kachuchumaa vilevile.

"Niacheni! Kimbieni kwa jirani, Mama Mwanaidi, mkamwambie nimeshinda bila kurusha hata ngumi, naye awaambie wenzake. Halafu mwambieni aje na mafuta ya kuchua, maana goti limegoma kunyanyuka."