Simu Tatu Chini ya Msalaba

"Simu yapanda mlima, akili yabaki bondeni." Ndivyo katekista alivyomwambia yule kijana aliyesinzia kwenye mafundisho ya kipaimara, nanyi mmenijia mbio kuuliza simu imeingiaje katika mambo ya Mungu. Haya, kaeni. Msemo huu ulizaliwa hapa hapa kwetu Umatengo, na ulizaliwa hivi.

Alikuwapo binti mmoja, Eustella Ndunguru, akisomea ualimu. Chuo chao kilikuwa kimeanzisha utaratibu wa kusoma nusu kwa nusu: kwanza wanakaa chuoni, kisha wanarudi makwao na kuendelea na masomo kwa simu, katika darasa la mtandaoni. Mkufunzi anafundisha kutoka huko aliko, wanachuo wanasikiliza, akiuliza wanajibu kwa kuandika, na alama zinaingia. Jambo jema. Ila kijijini mtandao haukushika mahali popote isipokuwa juu ya kilima, pale parokia iliposimika msalaba mkubwa, na kukipanda kile kilima ni jasho.

Wanachuo wa kijiji walikuwa watatu: Eustella, Osmunda na Fridolin. Na kipindi cha kukaa nyumbani kikaangukia msimu wa kuchuma kahawa, wakati ambao mzazi hataki kusikia habari ya mtoto kushinda mlimani na simu. Wakakaa, wakapatana.

"Mahindi yakienda mashineni, kwani huwa tunakwenda wote?" alisema Fridolin. "Mmoja anabeba debe la huyu na la yule, na kila mtu anapata unga wake. Simu nazo tuzibebe kwa zamu."

Eustella akaona ni maarifa. Tangu utoto alikuwa akila unga uliobebwa na jirani, na haujapata kumdhuru.

Basi ikawa hivyo. Mwenye zamu anapanda na simu zote, anazipanga chini ya msalaba. Mkufunzi Hyera akiita majina, anabonyeza hii, anabonyeza ile, wote wapo. Swali likija, anatunga jibu, analigeuzageuza maneno kidogo, anatuma kutoka kila simu la kwake. Zamu ya Eustella ilipofika, alihangaika kama mama wa watoto pacha: huyu kalia, huyu kazimika, na somo lenyewe likapita na upepo. Lakini alama zilikuja nzuri. Jumapili alimshukuru Mungu kwa alama hizo. Kitu kikamkwaruza moyoni, akakinyamazisha.

Kahawa ikaisha, ukaja wakati wa mazoezi ya kufundisha. Eustella akapangiwa shule ya pale kijijini, hisabati ya Darasa la Tatu. Sheria ya chuo ilikuwa wazi: anayeshindwa mazoezi hapati cheti, anarudia mwaka. Na mama yake alikuwa amekwisha kuitangazia jumuiya nzima kwamba mwakani binti yake ni mwalimu.

Siku Mkufunzi Hyera alipokuja kumkagua, aliketi nyuma kwenye dawati la watoto, magoti yakikaribia kidevu. Somo lilikuwa kugawanya. Eustella akaandika ubaoni kumi na mbili gawanya kwa tatu, akaeleza kanuni. Watoto wakamtazama. Akaeleza tena, sasa kwa sauti kubwa. Watoto wakamtazama vilevile, na mmoja akaanza kulia kimyakimya. Kengele ndiyo iliyomwokoa.

Nje, Mkufunzi akafungua simu yake. "Eustella, nikusomee kitu. 'Mtoto ashike kwanza vitu mkononi, awagawie wenzake, ndipo aandike namba.' Jibu zuri sana, nililipa alama zote. Maneno haya ni ya nani?"

Eustella akatazama viatu vyake. Angeweza kusema ni yangu; jina lake lilikuwa pale juu ya jibu.

"Ni ya simu yangu, Mwalimu."

"Ya simu yako?"

"Mimi nilikuwa nachuma kahawa, zamu ya kubeba simu ilikuwa ya mwenzangu. Simu ndiyo iliyohudhuria."

Kicheko kilimponyoka Mkufunzi, kisha uso wake ukarudi kuwa mzito. "Basi simu yapanda mlima, akili yabaki bondeni. Sasa cheti nimpe nani, wewe au hiyo simu?"

"Nipe nafasi nyingine, Mwalimu."

"Nitapita tena kabla mazoezi hayajaisha. Nikikuta kama leo, utarudia mwaka. Na mliobebeana nao waambie, nitafika na kwao."

Tangu hapo Eustella akitoka shuleni alipanda kilima. Masomo yote yalikuwa yamehifadhiwa mle mtandaoni. Akaanza la kwanza, asipoelewa akarudia. Fridolin akamkuta njiani.

"Dada, kwa kuwa unapanda, nipandishie na yangu."

"Yako panda nayo, kaka. Miguu unayo."

Mkufunzi aliporudi, alikuta kila kundi la watoto wanne lina maharage mezani, wanagawana. Kundi moja lilikuwa limetulia. Msichana mdogo akanyoosha kidole.

"Mwalimu, sisi moja limebaki. La nani?"

Hilo Eustella hakuwa amelipanga. Mkono wake ulikosea kuhesabu. Akamtazama Mkufunzi. Mkufunzi akatazama dirishani. Basi akachuchumaa mezani.

"Tukimpa mmoja, wengine watasemaje?"

"Watagomba!"

"Tuliweke hapa kati, kila mtu alione. Limebaki ngapi?"

"Moja!"

"Basi andikeni hivyo. Kila mtu matatu, baki moja."

Yule mtoto aliyelia mara ya kwanza akaruka. "Mwalimu, na sisi tunataka baki!" Darasa zima likaanza kuomba harage la ziada.

Somo lilipokwisha, Mkufunzi akampa mkono. "Leo umekuja mwenyewe, Mwalimu Ndunguru."

Cheti akakipata. Maneno aliyoambiwa siku ile hakuyaficha. Aliwasimulia wenzake akicheka, nao wakayatia mdomoni, yakaingia mashambani na kanisani. Nanyi, mkimwona mtu jina lake lipo na mwenyewe hayupo, msimtukane. Mwambieni tu: simu yapanda mlima, akili yabaki bondeni.