Pikapu ya Upande Mmoja

Mtu akipungukiwa, majirani humhurumia. Akijaliwa mema mawili kwa wakati mmoja, wote humwonea wivu, ijapokuwa hapo ndipo wengi hupotelea. Kagwe wa Ngoingwa, mjini Thika, alikuwa na mke mwenye busara aitwaye Mumbi, biashara ya kukodisha mahema na viti, na pikapu kuukuu yenye fremu ndefu ya vyuma ya kubebea milingoti ya mahema. Hapakuwa na harusi wala matanga kati ya Thika na Ruiru ambayo pikapu hiyo haikuhudhuria. Iliwalisha, ikawavisha, ikamsomesha binti yao Waruguru.

Siku moja Kagwe alipeleka viti Ruiru nyumbani kwa kijana aitwaye Samir, ambaye babake alikuwa akifungua duka la vifaa vya ujenzi. Uani palikuwa na gari jekundu la spoti, la milango miwili, lililoagizwa kutoka Japani. Kagwe alisimama kama aliyepigiliwa misumari. Gari la namna hiyo alilitamani tangu shule ya upili, enzi alipobandika picha yake ndani ya kifuniko cha sanduku lake la bweni. Samir akampa ufunguo aliwashe. Sauti laini ya mwanamke ikatoka kwenye redio ikimsalimu kwa Kijapani, naye Kagwe, kwa adabu aliyolelewa nayo, akaitikia, "Asante, mama."

Samir alicheka hadi akashika ukuta. "Umelipenda, bro? Sasa hili halibebi hata mfuko mmoja wa simiti, na mzee anataka pikapu. Tubadilishane, gari kwa gari, hakuna kuongezana. Lakini hiyo fremu uitoe yote, inatuzuia kupakia."

Kagwe alirudi Thika akitabasamu peke yake. Wala hakuwa anaota mchana. Maharusi wa siku hizi hupenda kupigwa picha kando ya gari la kuvutia, na gari lile lingekodishwa kila Jumamosi bila yeye kuinua mlingoti hata mmoja. Mgongo wake ungepumzika.

Alipofika nyumbani, kabla hajafungua kinywa, Mumbi naye alikuwa na habari. Kanisa moja la Murera lilikuwa limebomoa jengo lake ili lijenge jipya, na waumini walihitaji mahema na viti kila wikendi hadi ujenzi uishe. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Njau, alitaka mtu wa kuaminika mwenye gari lake mwenyewe. "Ni kazi ya kudumu, Baba Waruguru," alisema Mumbi. "Tutaacha kungoja watu wafe ndio tule."

Kagwe akamweleza habari ya gari jekundu. Mumbi alimsikiliza huku akipangusa kiti kilichokuwa tayari safi.

"Gari la watu wawili na sisi tuko watatu, mimi silielewi," alisema mwishowe. "Lakini ni wewe unaendesha. Chagua moja, nitakufuata. Usiniweke tu hapo katikati."

Kagwe hakuchagua. Akiwaza Murera, alimwona Waruguru akisoma bila wasiwasi. Akimwaza Samir, alisikia ile sauti ya Kijapani, na moyo ukamwenda mbio. Akili ilimruka. Basi akampigia Samir akamwambia, "Jumamosi niko Kamakis, hapo Ruiru, tubadilishane." Akampigia Mzee Njau akamwambia, "Jumamosi niko Murera." Alijidanganya kwamba siku hiyo ikifika, moyo utakuwa umejiamulia wenyewe.

Ijumaa alipeleka pikapu kwa Muoki, fundi wa kuchomelea vyuma, akamwagiza aikate fremu. Muoki alikuwa amemaliza upande wa kushoto simu ilipolia. Ilikuwa ni Mzee Njau, mwenye furaha tele, akisema kamati imempitisha.

"Fundi, ngoja kwanza," alisema Kagwe. Akazunguka pikapu, akakuna kichwa. "Irudishe."

Muoki akawasha mashine. Hata hajagusa chuma, picha ikaingia kwenye simu ya Kagwe: lile gari jekundu limeoshwa likang'aa. Macho yakamlowa, na aliona aibu kwa hilo.

"Basi, usiirudishe. Au ngoja. Hebu ngoja tu."

Muoki akazima mashine na kuvua miwani yake. "Boss, niko na geti ya watu hapa. Kata, sijui rudisha, sijui ngoja. Mimi nishike gani?"

Kagwe akairudisha pikapu nyumbani ikiwa hivyo hivyo. Akafunga milingoti kwa kamba upande uliokatwa, akajiambia kwamba kamba inatosha.

Jumamosi asubuhi alipakia hema na viti, akatia karatasi za umiliki wa gari mfukoni, akaondoka. Samir akapiga simu. "Niko njiani," Kagwe akamjibu, huku akipinda kuelekea Murera. Karibu na uwanja wa kanisa kamba ikalegea na milingoti ikaanguka barabarani kwa kishindo. Wazee wa kamati walikimbia kusaidia, na Mzee Njau akaikagua ile fremu.

"Hii imekatwa juzi juzi. Unauza gari, kijana?"

"Si kuuza, mzee. Kubadilisha. Lakini sijaamua."

"Na ukiamua, kesho watu wangu watanyeshewa?" Mzee Njau hakuwa na hasira, na hilo lilimuuma Kagwe zaidi. "Enda ukaamue pole pole. Sisi tutaita mtu wa Juja."

Kagwe akapakia vitu vyake akaelekea Kamakis. Angalau sasa njia ilikuwa imebaki moja, na alishangaa kuona moyo umepata nafuu. Alimkuta Samir kwenye hoteli ya nyama choma waliyopatana. Harufu ya nyama ilikuwa imetanda kila mahali. Gari jekundu lilikuwepo, limeegeshwa kando ya pikapu nyeupe isiyo na fremu.

"Ulisema uko njiani," alisema Samir. "Nimengoja mpaka nikachoka. Kuna jamaa wa hapa Ruiru amekuja na yake, tumemaliza. Na hata hii yako, bro, umeileta nusu."

Kagwe aliliangalia gari lile mara ya mwisho. Alitamani kulia, lakini watu walikuwa wanakula.

Alipofika Ngoingwa, Mumbi alitoka nje. Mzee Njau alikuwa amekwisha kumpigia. Aliitazama fremu ya upande mmoja, kamba iliyoning'inia, hema ambalo halikukunjuliwa.

"Ungeniletea lile gari, ningekasirika, kisha ningezoea," alisema polepole. "Ungeenda Murera kama mtu wa Murera, tungeshukuru Mungu. Lolote ungechagua ningekuwa upande wako. Sasa niambie, Baba Waruguru, nisimame upande gani?"

Kagwe akaanza kuifungua ile kamba. Jawabu lilikuwa moja tu, na wahenga walikwisha kulitoa: njia mbili zilimshinda fisi.