Soketi Yenye Moto Matundu Yote Mawili

Isome hii taratibu, hasa wewe uliye fundi, halafu mrushie yeyote unayemjua anayefunga mizigo ya safari ya meli.

Alikuwepo fundi umeme mmoja wa Korogwe, jina lake Shemdoe. Kwa miaka thelathini na mitatu alitandaza waya kwenye nyumba za watu, misikiti, makanisa na mashine za kukoboa, na hakuna jengo alilolifunga umeme yeye lililowahi kuungua. Hilo alikuwa hachoki kulisema. Mkewe, Bi Namkunda, alishalisikia mpaka akakinai.

Walipotimiza miaka arobaini ya ndoa, watoto wao wakawakatia tiketi ya meli ya kitalii, siku saba baharini. Fundi alipoiona pale bandarini, shingo ilimuuma kwa kuangalia juu. Ghorofa kumi na mbili, taa zinawaka mchana kweupe, lifti, viyoyozi, majiko ya kulisha maelfu ya watu, na hakuna nguzo hata moja wala waya unaotoka nchi kavu.

"Umeme wote huu wanautoa wapi?" alimuuliza mkewe.

"Wewe ndiye fundi," Bi Namkunda akamjibu.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Bi Namkunda alikuwa anakatikiwa na pumzi usingizini. Daktari alimpa mashine ndogo yenye mpira wa kuvaa puani, na bila hiyo hakuthubutu kufumba macho, hata kwa usingizi wa mchana. Kwa ajili ya mashine hiyo fundi alibeba ekstensheni mbili alizozitengeneza mwenyewe, kila moja ina swichi yake, na ndani ina kidude cha kuzuia umeme ukizidi.

Kwenye ukaguzi, mlinzi akaitoa ya kwanza kwenye begi na kuiweka pembeni.

"Hii hairuhusiwi melini, mzee. Utaichukua siku ya kushuka."

"Kijana, hii nimeitengeneza kwa mikono yangu."

"Sawa, mzee wangu. Ukihitaji waya, waambie mapokezi, watakupa wa meli."

Fundi akanuna. Yeye, Shemdoe mzima, akaombe waya mapokezi? Ya pili hawakuiona. Alikuwa ameisokomeza kwenye mfuko wa mashine ya mkewe, na mfuko wa mgonjwa hawakuupekua sana.

Chumbani kulikuwa na soketi moja, karibu na kioo, na kitanda kilikuwa upande wa pili. Bi Namkunda alikuwa hoi kwa safari. Akajinyoosha, akavaa mpira wake puani, akangoja.

"Fanya upesi basi, macho yamekuwa mazito."

Fundi akaitoa ekstensheni yake. Lakini mkono una mazoea yake, ukaenda wenyewe mfukoni ukachomoa testa, ile bisibisi ya kupimia umeme. Akaiingiza tundu la kwanza, kitaa kikawaka. Vizuri, huo ni waya wa moto. Akaiingiza tundu la pili, lile ambalo kwenye nyumba iliyofungwa vizuri haliwashi kitu. Kitaa kikawaka vilevile.

Akaifuta testa kwenye shati, akarudia. Matundu yote mawili yalikuwa na moto.

Maisha yake yote alijua waya mmoja ni wa moto, wa pili ni wa kurudishia, na chini ya yote kuna ardhi. Hapa ardhi iko wapi? Chini ya zulia kuna chuma, chini ya chuma kuna maji, na chini ya maji hakutaka hata kufikiri. Akakaa kitandani, anaogopa na papo hapo anashangaa kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Akaigeuza ekstensheni akaitazama ile swichi. Ilikuwa inakata waya mmoja tu. Ukiizima, wa pili unabaki na moto wake, na mwisho wa waya huo ni puani mwa mkewe.

"Vipi?" Bi Namkunda akauliza.

"Usilale kwanza, mama. Hapa kuna kitu sikijui."

Bi Namkunda akamkodolea macho. Kwa miaka arobaini hakuwahi kumsikia akisema hivyo.

Fundi akashuka mapokezi, nao wakamwitia mkuu wa mafundi umeme wa meli. Alikuwa mama wa Kitaita, jina lake Wakesho, mwenye mvi chache na ovaroli safi. Fundi akamkabidhi ekstensheni kabla hajaulizwa.

"Niliificha, binti yangu, nisamehe. Ila niambie, kwa nini matundu yote yana moto?"

Wakesho akamtazama vizuri. "Kumbe umepima. Abiria huwa hawapimi, baba." Akamweleza: "Huku hatuna ardhi. Nyaya zote mbili zinabeba moto, na ni makusudi, ili hitilafu moja isituzimie meli katikati ya bahari. Hicho kidude chako kimezoea kumwaga umeme wa ziada ardhini. Hapa kitaumwaga kwenye mwili wa meli, kitachemka kimyakimya, mwisho kitashika moto."

Akamwongoza hadi karakana yao. Ukutani ilining'inia ekstensheni iliyoyeyuka, nyeusi tii.

"Hii ilikuwa ya abiria gani?" fundi akauliza.

"Si ya abiria. Ni yangu," Wakesho akasema. "Mwaka wangu wa kwanza melini. Nilikuwa na cheti, nikadhani katazo ni la wasiojua umeme. Ilishika moto usiku, na wenzangu wawili niliokuwa nalala nao chumba kimoja walitolewa kwenye moshi wamebebwa. Walipona, namshukuru Mungu. Hii niliitundika mwenyewe."

Fundi akapewa waya wa meli, mrefu, hauna swichi wala kidude, akaubeba kwa mikono miwili mpaka chumbani na kuuchomeka.

Bi Namkunda akalala. Mumewe akakaa kando yake akisikiliza pumzi zikiingia na kutoka, huku meli nzima ikinguruma taratibu chini ya miguu yake, na moyo wake ukajaa hofu na shukrani kwa pamoja.

Funzo: Makatazo mengine hayakuwekwa kwa ajili ya wasiojua, yaliwekwa kwa ajili ya wanaojua sana. Ukiwa pageni, pima kwanza, kisha uliza, ndipo uchomeke.