Kufuli kwenye Tanki

Kaeni, wapendwa. Na ninyi wa mlangoni sogeeni mbele, leo sitapiga kelele. Nimepanda hapa na habari ya gari bovu, na sitaki mtu atoke akisema mchungaji siku hizi amegeuka fundi. Hata tairi sijui kubadilisha. Mke wangu yule pale anacheka, anajua nasema kweli. Lakini habari hii imenikaa kifuani wiki nzima na leo naitua kwenu.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa na gari. Jina hana, maana nimemtunga mwenyewe, kwa hiyo msipoteze muda kutazamana. Gari lenyewe lilikuwa la zamani, yale magumu ya kupanda milima, magurudumu yote manne yanavuta, mabati manene, mlango wa nyuma umefungwa kwa waya. Mtu huyu aliishi huko juu kwenye baridi, mahali ambapo ukienda hospitali ya wilaya unashuka mteremko mkali, unavuka mto, halafu unapanda mlima wa pili, mwendo wa saa mbili na nusu kama mvua haijanyesha. Kijiji kizima kilitegemea gari hilo. Viazi vilishuka nalo, wagonjwa walishuka nalo, hata maharusi, wakifika huko chini na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Dereva alikuwa mdogo wake, wa tumbo moja. Mwenyewe hakuwa na nafasi ya kuendesha. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa vikao, mtu wa kuitwa kila watu wanapogombana. Mama yao alikuwa hai, anakaa kwa huyo mdogo.

Sasa mwaka mmoja wa mvua nyingi, yule kaka akaona mafuta yanaisha upesi. Alizoea dumu moja kwenda na kurudi, na sasa dumu linaishia njiani. Nawauliza ninyi: gari likizama kwenye matope, likakoroga kwa magurudumu yote manne nusu saa nzima, litakunywa nini, uji? Mtu yeyote aliyesafiri nalo angemjibu. Lakini hakuuliza. Moyoni alikwisha kujijibu kwamba mdogo wake anamnyonyea mafuta. Akaenda mjini kimyakimya, akarudi na mfuniko mpya wa tanki, wa chuma, wenye kufuli. Ule wa zamani akautupa stoo. Na kwa kuwa huu mpya ulikuwa unachezacheza kidogo, akakata raba ya tyubu, akaipachika kwa ndani mpaka ukabana kabisa, hata harufu ya petroli haitoki. Ufunguo akaufunga kwenye mkanda wa suruali. Kuanzia siku hiyo akawa anajaza mafuta yeye mwenyewe alfajiri, mdogo wake amesimama pembeni anatazama.

"Siku nitakayokuta kufuli hili limeguswa," alimwambia, "mimi na wewe hatujuani tena."

Mdogo akasema, "Sawa, kaka." Angesema nini kingine?

Hazikupita wiki mbili, gari likaanza kuumwa. Lilitoka nyumbani vizuri, linanguruma. Likishatembea nusu saa hivi linaanza kukohoa, linakosa nguvu, linazima. Ukipiga starta halishiki. Abiria wanashuka, wanakaa kwenye majani. Dereva anasubiri robo saa, siku nyingine saa nzima, anajaribu tena, na gari linawaka kana kwamba halikuwa na neno. Linakwenda kidogo, linazima tena. Kuna siku halikuzima kabisa. Waulizeni mafundi, ugonjwa wa namna hiyo ndio unaowaotesha mvi. Kilichokufa moja kwa moja utakiona kilipofia, lakini hiki kinachokufa na kufufuka, ukilipeleka gari gereji linakuchekea.

Wakalipeleka kwa fundi. Gereji ilikuwa hapo hapo kijijini, mwendo mfupi, na kila walipolipeleka lilifika salama. Fundi akauliza swali zuri kabisa: "Linazima wakati gani hasa?"

Mdogo akafungua mdomo. Kaka akamtangulia. "Linazima ovyo tu, fundi. Na mbona kwangu halizimi? Jumapili naendesha mwenyewe mpaka kanisani, halijazima hata siku moja."

Kanisani ni dakika tano, wapendwa. Dakika tano! Lakini nani angembishia mwenye gari mbele ya fundi? Fundi akasafisha kabureta, akabadilisha platini, akabadilisha koili, mwisho akafunga pampu mpya ya mafuta. Kila kifaa kipya walimshukuru Mungu, na kila mara mlima ukawarudisha walipokuwa.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Siku moja jioni mdogo akaja, akasimama mbele ya kaka yake, kofia mkononi.

"Kaka, nimelichunguza hili gari. Siku ukijaza tanki mpaka juu ndiyo siku linazima mapema zaidi. Na juzi lilipozima hapa mlangoni, ukafungua kuongeza mafuta, nilisikia tanki linavuta hewa, fyuu, halafu likawaka papo hapo. Nadhani ni huo mfuniko. Nipe ufunguo nijaribu safari moja tu."

Kaka akacheka, kicheko kisicho na furaha. "Kumbe ndiko tulikokuwa tunakwenda. Miezi mitatu unanizimia gari njiani ili nikupe ufunguo?"

"Kaka, mimi sijakuibia."

"Nani amesema umeiba?"

Na kweli, hakuna aliyesema. Hilo ndilo linalouma. Mtu akikushtaki barazani utasimama ujitetee. Akikushtaki moyoni mwake, huku kila asubuhi anakusalimia, utaanzia wapi? Mdogo akavaa kofia yake akaondoka. Mama yao siku hiyo alikuwa pale kwa kaka, amekaa jikoni, alisikia kila neno, na usiku ule hakula.

Ikafika Jumamosi moja. Alfajiri kaka akajaza tanki mpaka mafuta yakaonekana mdomoni, akafunga, akaondoka kwa miguu kwenda kijiji cha pili. Huko kulikuwa na ndugu wawili wanaogombea mpaka wa shamba, na msuluhishi alikuwa yeye. Simu akaizima, kwa heshima ya kikao. Mnaona mambo yetu, sisi watu wa kanisa? Kikao kilikwenda vizuri. Wale ndugu walilia, wakashikana mikono, wakampa jogoo. Akarudi alasiri amembeba jogoo kwapani, moyo wake mweupe.

Jirani akamwahi njiani. "Mama yenu ameshushwa hospitali tangu saa nne asubuhi. Tumbo lilimkaza ghafla. Nesi amesema utumbo umejisokota, apasuliwe upesi, isipite saa nane. Tumekupigia mpaka tumechoka."

Jogoo akamtupa pale pale. Akapata pikipiki, akashuka mteremko ameshikilia koti la dereva, machozi na vumbi. Na njia nzima alikuwa na faraja moja tu, maskini, akairudia kama sala: tanki nimelijaza mwenyewe, tena mpaka juu, mama amefika. Walivuka mto, wakapanda mlima wa pili, gari hawakulikuta njiani, akazidi kushukuru.

Saa kumi na moja akaingia kwenye uwanja wa hospitali. Gari hilo hapo. Mdogo wake amekaa chini, mgongo kwenye gurudumu. Na juu ya kichwa chake, ubavuni mwa gari, mfuniko umepondwapondwa, kufuli linaning'inia, na mdomo wa tanki umezibwa kwa kitambaa.

Ndugu zangu, mtu huyu alimpenda mama yake. Alikuwa amelia kutoka juu mpaka chini. Lakini nisikilizeni neno la kwanza lililomtoka aliposhuka kwenye pikipiki.

Alisema, "Nani amevunja kufuli?"

Mdogo akainua kichwa. "Mama amefariki, kaka."

Mdogo akaendelea, bila hasira, na nadhani angekasirika ingekuwa afadhali.

"Lilizima mara tano. Tangu mara ya kwanza nilimwambia mama, ngoja nilivunje hili kufuli, dawa yake naijua. Akanishika mkono. Akasema, 'Usilivunje, baba. Ukilivunja, kaka yako ataamini lile analoliamini, na mimi nitawaacha mnachukiana. Tusubiri, nitavumilia.' Tukasubiri. Likawaka, likazima, tukasubiri tena. Kila nikiokota jiwe ananizuia. Mara ya tano niliokota jiwe, hakunizuia. Nikamwita, hakujibu. Ndipo nikavunja. Tanki likavuta hewa, gari likawaka, likapanda mlima wote halijakohoa hata mara moja. Daktari amesema amefia barabarani."

Ndivyo alivyokufa mama yule, juu ya tanki lililojaa, anawapatanisha wanawe.

Kwenye msiba fundi alikuja. Akaomba aonyeshwe stoo, akautafuta ule mfuniko wa zamani mpaka akaupata, akatoka nao nje mwangani. Ulikuwa na tundu dogo, sindano tu ingepita. Akasema, "Tanki nalo linapumua. Mafuta yakitoka, hewa iingie mahali pake. Isipoingia, injini inavuta mpaka inashindwa. Mkisubiri, hewa inapenya kidogo kidogo, ndiyo maana lilikuwa linawaka tena." Halafu akainamisha kichwa. "Na mimi nina kosa langu. Nilimsikiliza mwenye gari. Nilipaswa kumsikiliza anayeliendesha."

Maneno hayo ya fundi ndiyo yaliyoninyima usingizi, maana yananihusu. Mara ngapi nimekaa katikati ya mume na mke, nikauliza swali zuri kabisa, mwenye sauti kubwa akanijibu, nikafunga na sala nikaenda zangu? Yule mwingine alikuwa amefungua mdomo. Nilimwona. Mungu anisamehe, na kama uko humu ndani, nisamehe na wewe.

Na sisi sote je? Nani humu hana ufunguo mkandani? Tuna binti wa kazi tumemhesabia vipande vya sabuni, na hatujawahi kumuuliza lolote. Mkamwana ameingia nyumbani, kikapotea kitenge kimoja, na tangu siku hiyo sanduku la bibi lina kufuli na hakuna anayesema kwa nini. Mwanakwaya anajua kabisa kwa nini kwaya yetu inasambaratika, amekuja kutuambia mara mbili, tukamwambia anataka uongozi. Halafu nyumba zinakohoa. Ndoa zinakosa nguvu, zinazima, zinawaka kidogo wakati wa Pasaka, zinazima tena. Tunabadilisha vifaa. Tunafunga na kuomba, tunaita wahubiri kutoka mbali. Na yule anayejua kinachotukaba yumo nyumbani mwetu, anaosha vyombo, anatuamkia asubuhi, anasema "sawa, kaka."

Mtaniambia, mchungaji, je, kama kweli ni mwizi? Wezi wapo, sikatai. Lakini hata mwizi huulizwa. Polisi wenyewe humuuliza. Wewe ndugu yake umeshindwa na polisi?

Kilichomuua mama yule msiseme ni mfuniko. Jiwe lilikuwepo tangu kituo cha kwanza, na mkono wa kulirusha ulikuwepo. Alikufa kwa sababu alimjua mwanawe mkubwa. Alijua atakachouliza kwanza. Na aliuliza hicho hicho.

Sitaki tuimbe sasa hivi. Kinanda kinyamaze kidogo. Kila mtu hapa alipo ana mmoja ambaye amemhukumu bila kumuuliza. Umemfikiria tayari, nimeona wengine mmeangalia sakafuni. Ukitoka hapa usipitie sokoni, usisimame uani kupiga soga. Nenda kwake. Muulize, halafu nyamaza, mwache amalize kusema. Muulize leo, angali anajibu.