Waya wa Kurudi

Mtu mmoja alikuwa na sauti iliyopendwa na mji mzima, na uzee ukaijia. Aliitwa Maalim Shekue, msomeshaji wa darasa la Ijumaa msikitini. Elimu yake ilibaki ile ile, lakini maneno hayakuvuka tena safu za mbele. Nao wanawake, waliokaa nyuma ya ukuta, waliambulia kikohozi chake tu.

Nyuma ya ukuta huo alikuwa akikaa dada yake, Bi Mwanakombo. Mama yao alipofariki, Maalim aliharakisha maziko, na dada yake, aliyekuwa safarini akitoka bara, alifika udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi. Alipolia kwamba hakungojewa, kaka yake alimjibu mbele ya watu kwa maneno makali. Haraka ile ilikuwa na hoja yake katika sheria. Ukali haukuwa nayo. Tangu hapo Bi Mwanakombo hakumfungulia mlango, wala hakupokea wajumbe wake. Darasa peke yake hakuliacha. Sasa ulikuwa umeingia mwezi wa Shaabani, ambapo watu wa mji ule huombana radhi kabla ya kufunga, na Maalim alihisi kwamba huenda asiione Shaabani nyingine. Njia pekee iliyombakia ya kumfikia dada yake ilikuwa spika iliyotundikwa upande wa wanawake.

Akawaita wanawe wawili, mafundi wa redio, akawaambia, "Nipazieni sauti. Msiniongezee kitu."

Kila mmoja akaunda amplifaya yake, yaani sanduku la kupazia sauti. Famau, mkubwa, alipanga transista nyingi, vile vidude vinavyopokea sauti hafifu na kuitoa ikiwa na nguvu. Kila kidude kina ila yake, na kila mkono ulioishika sauti uliiachia alama. Ipo dawa ya ila hiyo, naye aliijua: waya unaorudisha mlangoni sehemu ya sauti iliyokwisha kutoka, ilinganishwe na ile iliyoingia, ili kilichopinda kinyooshwe. Lakini waya huo hutoza ushuru wake, nao ni nguvu. Famau alipoona sauti imepungua, aliukata, akaongeza transista nyingine.

Tena kulikuwa na zile transista mbili za mwisho. Hizo hupokezana: moja huisukuma spika mbele, ya pili huivuta nyuma. Famau alizilaza zote mbili mpaka zamu ifike, kwa kuwa hakutaka sanduku lipate joto pasipo mtu kusema. Akalijaribu barazani kwa kasida za matari, na majirani wakasifu. Mshindo mkubwa huamsha kila aliyelala.

Aboud, mdogo wake, alitumia transista chache tu. Waya wa kurudi aliuacha mahali pake, na zile mbili za mwisho akazipa umeme kidogo wa kuzikeshesha. Famau alipolisikia sanduku hilo alicheka. "Mdogo wangu, hii ndiyo amplifaya, au redio ya kuchungia mbuzi?"

"Baba hakuomba ngurumo, kaka," akajibu Aboud.

Ijumaa hiyo lilitumika sanduku la mkubwa. Maalim alisomesha, kisha akainamisha kichwa, akamtaja dada yake, akamwomba radhi kwa sauti ya chini, kama aombavyo mtu mwenye haya. Neno kubwa lingeziamsha zile mbili; neno dogo lilizikuta zimelala, likachanika katikati ya kupokezana, na kilichofika nyuma ya ukuta kilikuwa kikubwa na chenye mikwaruzo. Hakuna neno lililopotea. Upole ndio uliopotea. Bi Mwanakombo alijifunika buibui lake, akasimama. "Hata radhi anaiomba kwa kufoka," akasema, akatoka.

Maalim alipopashwa habari hakumlaumu mwanawe. Baada ya sala ya alasiri akasema, "Ijumaa ijayo, la Aboud."

Ijumaa iliyofuata Bi Mwanakombo alikuja, kwa kuwa darasa halikumkosea. Aliketi karibu na mlango, viatu mkononi. Sauti ya spika ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwanza, hata wanawake wakanyamazishana ili waipate. Maalim akamtaja dada yake tena. Akasema kwamba alimjibu vibaya siku ya kilio, na kwamba anamwomba radhi. Katikati ya neno la mwisho sauti yake ilikatika kidogo, kama ya mzee anayejizuia kulia, na ule mkatiko nao ukavuka ukuta kama ulivyokuwa, haukuongezwa wala haukupunguzwa.

Famau, aliyeketi karibu na sanduku la mdogo wake, alinyoosha mkono akaligusa. Lilikuwa na joto, ingawa hapakuwa na mtu aliyekuwa akisema.

Ndipo nyuma ya ukuta viatu vikawekwa chini. "Mwambieni kaka nimemsikia," akasema Bi Mwanakombo. "Futari ya kwanza aje kula kwangu."

Nawe uliyekabidhiwa neno usilolitunga, ulipaze lifike mbali: waya wako wa kurudi ungali mahali pake, au uliukata siku ile ulipotamani kusikika zaidi?